Votto nimemwacha

St. Louis, Missouri
Jumapili, 14 Januari 2024

Sahibu yangu,

Salamu nyingi zikufikie huko Tanga, wewe na mama na wadogo zako wote. Mimi huku ni mzima, namshukuru Mungu, ila baridi ya wiki hii si ya mchezo. Ndoo niliyoisahau nje ya mlango imegeuka jiwe tupu.

Ama baada ya salamu, nimeona nikuandikie kwa mkono, maana yale uliyonitumia kwa sauti usiku wa kuamkia Ijumaa, juu ya wachezaji wa kubakiza kwenye timu yetu ya besiboli ya kadi na dadu, sikuweza kuyajibu kwa simu. Ulisema, "Wengine wote fanya utakavyo, lakini Votto usimguse." Nimeisikiliza mara nne. Jibu nalitanguliza ili usisome huku moyo unakudunda: Votto nimemwacha. Sasa nakuomba usiikunje barua, nisikilize mpaka mwisho.

Deni ninalodaiwa nawe katika jambo hili nalijua. Januari 2021, kwenye meza hii hii ya jikoni, mimi ndiye niliyetaka atoke. Alikuwa na miaka 37, ametoka kwenye msimu ule wa korona wa mechi 60 na wastani wa kupiga wa 0.226, nami nikasema huyu basi. Ukaweka kiganja chako juu ya jina lake kwenye orodha, ukagoma kukiondoa. Ukaniambia miguu huzeeka, jicho halizeeki, na Votto ni jicho. Mwaka ule ule, uwanjani kweli kule Cincinnati, akavusha mpira ukutani mara 36, na katika hizo kuna mechi saba mfululizo ambazo hakukosa hata moja. Kadi ya mambo hayo ndiyo tuliyochezea 2022. Bado naiona ile mechi ya mwisho ya Septemba: dadu nyeupe ilisimama kwenye 2, maana yake twende kwenye kadi ya mpigaji, zile nyekundu mbili zikaviringika mpaka kwenye sahani ya maandazi, na kabla sijajumlisha wewe ulishasimama. Ubingwa ule ni wako. Ningekuwa peke yangu, Votto angekuwa anapigia timu nyingine siku hiyo.

Kwa hiyo sikuandikii kama mtu aliyekuwa sahihi tangu mwanzo. Nakuandikia kama mtu aliyekaa na majina ya wazee wetu jioni kumi na moja, kila nikitoka ghalani, na ambaye safari hii anadhani ameona kitu.

Unajua mtego wa mchezo wetu ulipo. Kadi tutakazochezea mwaka huu ni matendo ya mwaka jana. Zenyewe hazijafika, lakini hesabu za msimu tunazo, kwa hiyo tunajua kila mtu atakuja na nini. Kijana ukimbakiza unapata kadi ya leo na tumaini la kesho. Mzee akiwa na kadi nzuri, mara nyingi mwili ulioitengeneza umeshaondoka. Ndivyo tulivyoumia kwa Nelson Cruz. Kadi yake ya 2021 ilikuwa na mipira 32 ya kuvuka ukuta, akiwa na miaka 41, tukampata kwa kutoa nafasi yetu ya kwanza ya kuchagua wapya wa mwaka uliofuata. Alitusaidia kuubeba ubingwa, sikatai. Lakini wakati sisi tunashangilia mezani, yeye mwenyewe huko Washington alikuwa amebakiwa na mipira 10 na wastani wa 0.234. Kwa ile nafasi yetu wenzetu wakamchukua Michael Harris wa Atlanta, mtoto wa miaka 21, chipukizi bora wa National League, moja ya ligi mbili kuu za huku. Kila nikikutana naye kwenye ratiba roho inaniuma.

Najua utaniuliza Pujols, yule mpigaji mzee wa mji huu. Nami sijausahau usiku wa tarehe 23 Septemba 2022, tumekaa sakafuni, yeye yuko Los Angeles anavusha wa 699, na kabla hatujatulia anavusha wa 700. Mtu wa miaka 42! Timu yake ya Angels ilimwacha Mei ya mwaka uliotangulia, na nusu ya kwanza ya msimu huo wa mwisho alikuwa na wastani wa 0.215 na mipira 6 tu. Kisha akaongeza 18. Mji huu mzima ulikuwa unalia kwa furaha. Lakini tazama alivyotunzwa. Mwaka ule ndio National League ilipokubali moja kwa moja mpigaji asiyekwenda uwanjani kudaka, kwa hiyo magoti yake yalipumzishwa. Na kocha alimweka zaidi siku za warushaji wa mkono wa kushoto, ambao aliwaona kama mchana. Halafu alishasema mwenyewe kwamba ni mwaka wa mwisho. Alipofika 703 akaweka gongo chini. Aliyekuwa naye kwenye ligi yetu alichezea kadi ile kiangazi kizima cha 2023: mtu ameshastaafu, yuko kwake na wanawe, na mezani kwetu bado anavusha ukuta. Sijui kama kuna mchezo mwingine unaompa mzee mwaka wa ziada namna hiyo. Lakini mwaka huu mwenzetu hana Pujols, wala hana mtu badala yake.

Sasa nije kwenye jicho, maana hoja yako ndiyo hiyo na ndiyo iliyoninyima usingizi.

Uliposema jicho halizeeki ulisema kweli, ila nusu. Mbio huondoka mwanzo. Kisha mtu anachelewa hatua moja uwanjani, na kadi inamshusha daraja la udakaji kutoka 2 hadi 3, kutoka 3 hadi 4. Bill James alionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba wapigaji wengi hufika kileleni wakiwa karibu na miaka 27, na kwa wengi ndivyo ilivyo. Jicho hubaki nyuma ya vyote. Ila mpigaji hapewi kituo bure, kwa kuacha mipira minne mibovu ipite, kwa jicho lake peke yake. Anapewa kwa sababu mrushaji anamwogopa, anakwepesha mpira pembeni asije akaadhibiwa, na yule mwenye jicho anauacha upite. Mkono ukipungua kasi, hofu inaondoka. Mrushaji anaujaza mpira katikati, na jicho linaona kila kitu ila mkono haufiki kwa wakati. Jicho linalindwa na mkono, ndugu yangu. Hilo sikulijua 2021.

Votto aliongoza National League kwa kufika kituoni miaka saba. Saba! Mwaka jana wastani wake wa kufika kituoni ulikuwa 0.314, na wa kupiga 0.202, mwaka wa pili mfululizo akiwa hapo, maana uliotangulia ulikuwa 0.205. Katikati ya miaka hiyo bega lilipasuliwa. Aliporudi Juni siku ile ile akavusha ukuta, ukanipigia simu ya video ukiwa ufukweni Raskazone unapiga kelele mpaka watu wanageuka. Na ni kweli mechi 65 zilimpa mipira 14 ya kuvuka, si haba hata kidogo. Hiyo 14 ndiyo iliyonishika siku tatu. Nikajiambia atakuwa wa akiba, atatoka benchi dhidi ya mrushaji wa kulia, mara moja moja atatuvushia. Lakini kanuni yetu haimruhusu mtu kupiga mara nyingi kuliko alivyopiga kweli, kwa hiyo ni theluthi ya msimu tu. Na Cincinnati wenyewe, baada ya miaka 17, wameacha kumwongezea mkataba tangu Novemba. Leo hana timu.

Nimemlinganisha na McCutchen, maana najua utasema mbona yule nimembakiza na wote ni wazee. McCutchen ana miaka 37, na mshipa wa kisigino chake ulichanika Septemba. Lakini wastani wake wa kufika kituoni mwaka jana ni 0.378. Warushaji bado wanamwogopa, basi jicho lake bado linalipwa. Pittsburgh wamemrudisha, na ana mipira 299 ya kuvuka ukuta maishani mwake, amebakiza mmoja kufika 300. Huyo anakaa kwetu. Natamani huo wa 300 aupige jina lake likiwa kwenye orodha yetu.

Verlander, mrushaji wetu, nimemwuza. Najua ni kisu kingine. Tulimngoja miaka miwili mizima akiuguza kiwiko, wenzetu wakituona wajinga, kisha akaja na ule mwaka wa 2022, mikimbio 1.75 tu aliyofungwa kwa raundi tisa, mtu wa miaka 39. Kadi ya mwaka huu bado ni safi, ushindi 13 na 3.22. Ila mwezi ujao anatimiza 41, na sisi mwaka jana tulimaliza wa nane kati ya timu kumi na mbili. Unamkumbuka mzee wetu wa ghalani, aliyetufundisha kusoma kadi wakati wa mapumziko ya usiku? Nilimwuliza. Hakuniuliza Verlander ana miaka mingapi. Aliniuliza, "Timu yenu iko wapi?" Nikamwambia wa nane. Akasema mzee ni wa timu iliyobakiza mtu mmoja kuwa bingwa, na timu ya nane haijabakiza mmoja. Basi nimempeleka kwa yule jamaa wa Belleville, aliyekuwa wa pili, nimechukua Hunter Greene. Ana miaka 24, bado anafungwa sana, lakini mkono wake ni moto.

J. D. Martinez, mpigaji wetu, anabaki mpaka Julai, na tukiwa chini namwuza.

Wainwright, mrushaji wa hapa St. Louis, sikukuulizia, na wewe hukumtaja, nadhani wote wawili tulijua. Mikimbio aliyofungwa kwa raundi tisa, miaka mitatu: 3.05, kisha 3.71, kisha 7.40. Hakuna kadi ya kuchezea hapo, na ameshastaafu. Ila nataka ujue kwamba ile tarehe 18 Septemba nilikuwa zamu, redio iko juu ya maboksi, na hakuna aliyefungasha kitu kwa raundi zile saba. Mkono umekwisha, bega linamuuma, na ule mpira wake wa kupinda unashuka vile vile kama ulivyokuwa unatupeleka uwanja wa Busch kumtazama. Milwaukee hawakupata hata mkimbio mmoja. Moja kwa bila, ushindi wake wa 200. Msimamizi alikuja kutuuliza kulikoni, naye akabaki amesimama anasikiliza. Jina lake nimelifuta kwenye orodha mwisho kabisa, baada ya mengine yote, na nimelifuta kwa penseli.

Nafasi ya Votto naiwekea Encarnacion-Strand, yule kijana aliyeshika kituo cha kwanza pale pale Cincinnati mwaka jana. Miaka 24, mechi 63, mipira 13 ya kuvuka, wastani 0.270. Kama hatatutangulia mtu kumchagua, ni wetu. Nilifikiri ungependa kiti kile kisitoke kwenye jezi ile ile.

Orodha nimeiandika kwa wino lakini sijaituma. Mwisho ni Jumatano, tarehe 31. Barua hii anakuletea jirani yangu anayeondoka Alhamisi kupitia Dar, atakuwa Tanga kabla ya wiki kuisha, kwa hiyo una siku zako za kutosha. Timu bado ni ya watu wawili, uondoke usiondoke. Ukiwa na neno juu ya mkono wake, kitu ambacho sikukiona, nipigie saa yoyote, hata usiku wa manane wa huku. Nitakusikiliza kama nilivyopaswa kukusikiliza 2021. Ukiwa na neno la mapenzi tu, hilo ninalo mimi pia, na halikutosha.

Mama mwambie dawa ya miguu nimempata mtu wa kuileta Machi. Na wale wadogo zako waache kunitumia picha za pweza mchana, huku nakula mkate mkavu.

Ndani ya bahasha kuna kadi ya Votto ya 2021. Kwa utaratibu kadi za zamani zinakaa kwenye boksi la timu, lakini hii niliona ikae kwako. Nimeifunga na karatasi ya nailoni isilowe njiani. Ile alama ya mafuta kwenye pembe ya juu, upande wa warushaji wa kulia, ni dole gumba lako la usiku ule wa maandazi. Sikuifuta.

Wako,
sahibu yako wa meza ya jikoni