Tikisa gurudumu kwanza, beringi baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wa pikipiki za magurudumu manne, zile za kupita kwenye matope na milima. Yangu hubeba mabomba na mifuko ya mbolea shambani. Ilipoanza kugonga nyuma kila nikiongeza mafuta, fundi alisikiliza kidogo tu akasema, "Beringi hizo." Akabadilisha. Wiki ya pili kelele ikarudi vilevile. Akabadilisha tena, nikalipa tena.

Mara ya tatu sikwenda kwake. Niliinua nyuma hadi magurudumu yote mawili yakaelea, nikaweka magogo chini ya fremu, maana jeki peke yake siiamini. Nikashika gurudumu la kushoto juu na chini, nikalitikisa. Likacheza. Kijana wangu aliyekuwa akiangalia ekseli na gurudumu la kulia akasema vimetulia tuli. Ekseli ya chombo hiki ni chuma kimoja, upande hadi upande. Ingekuwa ni beringi, ekseli nzima ingeyumba na lile la kulia lingeyumba nayo. Kufungua, nakuta meno ya ndani ya habu, yaani kile kitovu cha gurudumu kinachovaa kwenye meno ya ekseli, yamelika, na nati kubwa haina pini ya kuizuia isilegee! Aliyefunga mara ya mwisho aliiacha ijilegeze yenyewe, na habu ikawa inajisaga kila nikiondoka.

Meno ya ekseli yalikuwa bado mazima, kwa hiyo nilinunua habu tu na pini mpya, nikakaza nati kwa kipimo cha kitabu cha mtengenezaji. Kugonga kukaisha.

Nisijitakase, lakini. Beringi za kwanza alizotoa fundi zilikuwa na kutu kweli, na kosa hilo ni langu. Nilizoea kuosha kwa mashine ya maji ya presha, nikilenga palepale kwenye sili, ile mipira inayozuia maji yasifike kwenye beringi, ili tope litoke. Tope lilitoka, maji yakaingia, grisi ikaharibika. Siku hizi naosha kwa ndoo na brashi.

Na yule aliyenishauri nichomelee habu kwenye ekseli ili isicheze tena, namshukuru kwa nia yake. Ila chuma kilichopikwa na moto wa kuchomelea hukatikia pembeni ya mshono, tena ukiwa na mzigo. Na habu ikishagandishwa pale, siku ya kubadilisha beringi nitazipitisha wapi?

Wako,
Mkulima mwenye spana