Kukutana tena kwa waliosoma pamoja: orodha kwanza, ukumbi baadaye

Ndugu Mhariri,

Magazeti hayakosi matangazo ya waliomaliza sekondari pamoja na sasa wanataka kukutana tena, baada ya miaka kumi, ishirini na tano, hata arobaini. Ni jambo jema. Ila matangazo mengi hutaja ukumbi, fulana na mgeni rasmi, na hapo ndipo shughuli huanza kwenda mrama. Hakuna anayefunga safari kwa ajili ya mgeni rasmi. Watu huja kuonana na waliokaa nao dawati moja, kuulizia fulani yuko wapi, na kuitwa majina ya utani ambayo hata watoto wao hawayajui. Kamati ikilishika hilo, maamuzi mengi huwa mepesi, na gharama hupungua.

Kazi kubwa ni orodha, nayo haitakiwi kuanzia kwenye kundi la WhatsApp. Kundi lile ni la wale wanaojuana tayari. Ianzie kwenye daftari la udahili la shule, na kama limepotea, kwenye picha za darasa na orodha za mitihani. Kamati ya watu watano hadi saba yatosha, ianze miezi kumi kabla, kila mkondo uwe na mtu wake, waliolala bweni na wa kutwa wote wawemo. Asikosekane pia mmoja ambaye hakuwahi kuhama mji ule. Huyo ndiye ajuaye mama wa fulani alihamia mtaa gani, na kwa kawaida anawapata watu kumi wakati wenzake bado wanahangaika na mmoja.

Kila jina liandikiwe jina la shuleni, jina la sasa (wanawake wengi wamebadilisha, na wanaume si haba), mkondo, mwaka alioondoka, namba ya simu, na nani aliyethibitisha habari hizo. Safu hiyo ya mwisho hudharauliwa sana, nayo ndiyo inayookoa. Habari ya kifo isiandikwe mpaka itoke kwa watu wawili wasiotegemeana, ikiwezekana mmoja awe wa familia. Yametokea ya kutangaza marehemu mtu aliye hai, na pia ya kumtumia marehemu ujumbe wa kudai mchango huku simu yake ikiwa mikononi mwa mjane.

Waliohamishwa, waliorudia darasa na walioacha shule njiani nao waandikwe. Aliyesoma na wenzake miaka mitatu kisha ada ikamshinda ana haki ya mwaliko sawa na aliyeongoza mtihani. Tena namba za simu za watu zisimwagwe kundini. Orodha kamili ikae kwa watu wawili tu.

Kwenye fedha kosa ni lile lile miaka nenda miaka rudi: kugawa gharama kwa walioahidi. Gharama ziko za aina mbili. Ukumbi, viti na vipaza sauti havibadiliki wakija wengi au wachache. Chakula na beji hupanda kwa kila kichwa. Zile za kwanza zigawanywe kwa waliokwisha kulipa, basi. Kama 80 wamesema watakuja na 50 ndio waliolipa, gawa kwa 50. Ukigawa kwa 80 na wakafika 50, umekusanya sehemu tano tu kati ya nane za pesa za ukumbi, na pengo lililobaki ataliziba mweka hazina kutoka mfukoni mwake. Tarehe ya mwisho ya kulipa iwe wiki sita kabla, na wakizidi baadaye, kinachobaki kijulikane mapema kitakwenda wapi. Akaunti iwe na watia saini wawili, daftari likae kwa mtu wa tatu. Iwepo pia akiba ndogo ya kuwalipia wasio na uwezo, na majina yao yajulikane kwa mtu mmoja peke yake, asiye na mdomo mwepesi.

Mchango wa kuisaidia shule ni shughuli nyingine, na ipewe siku nyingine. Ukiuchomeka katikati ya jioni hiyo, walio na kidogo huaga mapema, na mwakani hawaonekani.

Sasa beji, ambayo wengi huichukulia kama pambo. Mwaka 1975 mtafiti Harry Bahrick na wenzake wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwapima watu 392 waliomaliza sekondari, kuanzia waliotoka shuleni karibuni hadi waliokwisha kuwa wazee. Walipoonyeshwa picha za zamani za shuleni, waliwatambua waliosoma nao kwa takriban asilimia 90 hata baada ya miaka kama 35. Lakini kuuona uso na kulitaja jina lake bila msaada kulishuka sana kadiri miaka ilivyopita. Picha zile zilikuwa za ujanani. Ukumbini, sura iliyo mbele yako si ile uliyoihifadhi kichwani: nywele zimekwenda, mwili umeongezeka, miwani imeingia. Basi beji ibebe picha ya enzi za shule, na chini yake jina la shuleni kwa herufi za sentimita moja au zaidi. Jina la sasa lifuate kwa herufi ndogo. Cheo na kazi visiandikwe kabisa.

Picha hizo hupatikana mara nyingi kwenye picha moja ya darasa zima, ambamo kila uso una upana wa milimita tano hivi. Kuipiga kwa simu chini ya taa hakufai, kwani karatasi hung'aa na nyuso zinapotea. Ipelekwe kwenye skana na isomwe kwa nukta 1200 kwa inchi. Uso wa milimita tano utatoa nukta kama 236 kwa upana, ambazo ukizichapa kwa sentimita tatu zinabaki nukta 200 kwa inchi, na sura inatambulika. Ukisoma kwa 300, kama skana nyingi zilivyopangwa tangu dukani, uso unapata nukta 59 tu na unatoka kama ukungu. Jambo jingine dogo: beji ya kamba hugeuka. Chapa pande zote mbili, na fupisha kamba ifike kifuani, ili watu wasisalimiane huku wakikodolea matumbo.

Ratiba ya jioni ndiyo huwashinda washereheshaji wengi. Saa moja na nusu ya mwanzo isiwe na kitu chochote zaidi ya watu kusimama na kuongea. Hotuba zote kwa jumla zisizidi dakika ishirini. Muziki uwe chini kiasi kwamba mtu husikika na aliye mbali naye kwa hatua moja bila kupaza sauti, na spika zisielekezwe mezani. Hili si suala la ustaarabu tu. Kadiri umri unavyosogea masikio hupoteza kwanza sauti nyembamba, ambazo ndizo zinazobeba konsonanti kama s, f na t, kwa hiyo penye kelele mtu wa miaka hamsini na tano husikia kwamba anasemeshwa lakini hashiki maneno. Atatabasamu, ataitikia, na atakaa kimya jioni nzima. Meza za duara za watu wanane zinasaidia zaidi kuliko meza ndefu. Meza kuu isiwepo.

Picha ya pamoja ipigwe mapema, kabla ya chakula, kwa sababu wa mbali na wazee huondoka wakishakula. Majina yaandikwe usiku ule ule, mstari kwa mstari, kutoka kushoto. Walimu wafuatwe kwa gari, wakalishwe karibu na mlango na choo, waachwe waondoke wanapotaka. Majina ya waliotangulia yasomwe taratibu kwa alfabeti, bila vyeo na bila kutaja chanzo cha kifo.

Kuhusu mji wenyewe. Watafiti wa kumbukumbu wanajua kwamba watu wazima, wakiulizwa yaliyowapata maishani, huleta mengi kupita kiasi ya kati ya umri wa miaka kumi na thelathini hivi. Ndiyo maana mji wa miaka ya shule hung'ang'ania kichwani kuliko miji tuliyoishi mara mbili ya muda huo. Matembezi ya kurudi mtaani yafanyike asubuhi ya siku ile ile, yasichukue muda unaozidi saa mbili, na barua ya kuomba kuingia shuleni ipelekwe mwezi mmoja kabla. Anayeongoza azipite njia zote wiki iliyotangulia, maana majengo huvunjwa na vichochoro huzibwa, na kundi la watu arobaini likikwama mbele ya ukuta mpya huanza kusambaa. Lakini kinachofaulu zaidi ni karatasi nyeupe ya mita moja kwa moja na nusu, ibandikwe ukutani ukumbini pamoja na kalamu nene, na juu yake mtu achore barabara kuu na lango la shule tu. Mengine yajazwe na wageni: kisima kilikuwa wapi, uwanja uliishia wapi, njia ya kuchelewa ilipita nyuma ya nyumba ya nani. Hapo watabishana mpaka taa zizimwe, na waliokuwa hawasalimiani tangu kidato cha pili watajikuta upande mmoja wa ubishi.

Kuna wasiotaka kuja, na wengine wana sababu nzito: walionewa, walidhihakiwa, au shule iliwaumiza. Mwaliko mmoja na ukumbusho mmoja vinatosha. Kamati isijipe kazi ya kupatanisha watu jukwaani, wala isitoe tuzo za "aliyefanikiwa zaidi". Fomu ya kujiandikisha isiulize kazi ya mtu. Iulize kama anahitaji mahali pa kulala, kama ana chakula asichoweza kula, na kama hapendi picha yake isambazwe.

Hesabu zifungwe ndani ya wiki mbili na zitumwe kwa kila aliyelipa, hata yule ambaye hakufika.

Wako,
Mwandaaji wa mikutano ya waliosoma pamoja