Springi yako na rufaa ya hataza

Munich, 20 Septemba

Mdogo wangu Hamisi,

Mpe mama shikamoo yangu. Baridi imeanza, ila sijambo.

Pesa ya rufaa nitatoa. Lakini mwambie Mjomba Kondo aache kunitangaza Temeke nzima eti mimi wakala wako nililala, ndiyo maana ombi la hataza (haki ya uvumbuzi) la mashine yako ya kukunia nazi yenye springi likakataliwa. Nani alikuzuia usipeleke mashine Sabasaba kabla ombi halijaingia? Ungeipeleka, isingehesabika mpya tena, na huku Ulaya habari ingeishia hapo.

Mkaguzi wa Ofisi ya Hataza ya Ulaya hakusema mashine si mpya. Kasema fundi yeyote angeibuni. Kachukua mashine ya zamani ya kukunia nazi kwa mota, kachukua na kikamulio cha machungwa chenye springi, kaviunganisha. Ni kitendawili hicho: ukishaambiwa "yai", nyumba isiyo na mlango inakuwa rahisi! Bodi ya rufaa ya ofisi hiyo, kwa kawaida mafundi wawili na mwanasheria mmoja, haiishii kuuliza kama fundi angeweza kuweka springi. Angeweza, mitaa ya Gerezani springi zimejaa. Inauliza kama kweli angeiweka, akihangaika na vipande vya kifuu kwenye nazi, na nini kingemsukuma. Springi ya kikamulio inawasha mota ukigandamiza chungwa. Yako inarudisha meno nyuma yakigusa kifuu. Hapo ndipo nitakapowabana, na kubana najua.

Ila faida lazima ionekane, tena dhidi ya mashine ile ya zamani. Nunua nazi 20 za fungu moja. Zikune 10 kwa mashine yako kama ilivyo, springi ikicheza. Kisha ibane springi kwa bolti isicheze, iwe kama ile ya zamani, ukune 10 zilizobaki, mota ile ile, mtu yule yule. Okota vipande vyeusi, vikaushe, upime vya kila nazi peke yake kwa mizani ya sonara. Ya buchani haioni gramu. Matokeo mabaya nayo yaandike. Hayo ya kwamba zinauzika sana Tandika, ya Mjomba hayo, yaache: watasema ni bei tu.

Uamuzi ni wa tarehe 3 Septemba. Notisi ya rufaa na ada yake mwisho 3 Novemba. Ada isipolipwa, rufaa inahesabiwa haikuwasilishwa. Sababu za rufaa kwa maandishi, mwisho 3 Januari. Vipimo vikija baada ya hapo, bodi inaweza kuvikataa, kwa hiyo nivipate kabla ya Desemba.

Nazi 10 za kwanza mpe mama apikie samaki. Za pili zina kifuu. Picha ya chungu usinitumie.

Kaka yako,
Rajabu