Homa ya tezi nayo ipimwe

Mhariri,

Binti yangu wa kidato cha tatu alirudi nyumbani Mafinga shingo imejaa mitoki, koo lina utando mweupe, hata uji haupiti. Malaria hakuna. Zahanati moja ikasema taifodi, nyingine mafindofindo, akapewa amoksilini. Siku chache baadaye vipele vikamtoka mwili mzima, tukadhani surua.

Daktari wa tatu ndiye aliyeitazama damu kwa hadubini. Akakuta chembe nyeupe zimezidi, nyingi zikiwa na umbo lisilo la kawaida. Kipimo cha kingamwili kikathibitisha homa ya tezi, inayoletwa na virusi vya Epstein-Barr na kuenea kwa mate. Amoksilini haiui virusi, na wagonjwa wengi wa homa hii wakiinywa hutokwa vipele vile vile.

Ningependa kila mzazi ajue hili: kipimo cha haraka kikifanywa wiki ya kwanza kinaweza kuonyesha hakuna ugonjwa, kumbe upo. Kirudiwe. Na kwa kuwa dalili hufanana na za maambukizi mapya ya VVU, hivyo navyo vipimwe, bila aibu.

Dawa mahususi ya homa ya tezi haipo. Ni kupumzika na kunywa maji. Lakini bandama huvimba, na pigo moja la tumboni linaweza kuipasua. Nawaomba wakuu wa shule za bweni Iringa na Njombe wasiwarudishe watoto hawa uwanjani wala shambani kabla daktari hajaruhusu.

Mzazi,
Mafinga, Iringa