Barua ya wazi kwa vijana wanaokimbia na matofali

Wanangu,

Salamu nazitanguliza, maana nimekasirika na nisingependa hasira ndiyo ibishe hodi kwanza.

Kila alfajiri mnapita barabarani, sita au saba, mabegi ya shule yamejaa matofali, na mmoja wenu anarekodi kwa simu. Mnajiandaa kwa usaili wa jeshi, na mkishavaa buti mnautaka ukomando. Hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni kwamba mwenzenu akianza kuyumba mnamzomea. Mnamwita mayai, naye kwa aibu anakaza mwendo badala ya kukaa chini.

Imani hii kwamba komando hachoki mmeiokota kwenye vipande vya dakika moja mnavyotumiana. Leo nawapa maisha ya komando mmoja mpaka mwisho wake.

Mike Kealy alikuwa kapteni wa SAS, kikosi maalumu cha makomando wa jeshi la Uingereza. Tarehe 19 Julai 1972 alikuwa Mirbat, mji mdogo wa pwani ya Dhofar, kusini mwa Oman. Ilikuwa msimu wa kharifu. Upepo wa kusi, uleule uliokuwa ukiyarudisha majahazi Arabuni kutoka pwani yetu, huifunika milima ya Dhofar kwa mawingu na manyunyu. Chini ya mawingu hayo waliteremka waasi zaidi ya mia mbili, waliokuwa wakipigana na Sultani wa Oman, kuuteka mji. Watu wa SAS, waliokuwa upande wa Sultani, walikuwa tisa tu, Kealy akiwamo, pamoja na askari wachache wa Kiomani.

Talaiasi Labalaba, mwana wa Fiji na mmoja wa hao tisa, alikimbia mita mia kadhaa katikati ya risasi hadi kwenye mzinga wa zama za Vita Kuu ya Pili. Mzinga ule huhudumiwa na watu sita. Yeye aliupakia na kuufyatua karibu peke yake, akiwa amejeruhiwa kidevuni. Mfiji mwenzake, Sekonaia Takavesi, akamfuata, naye akapigwa. Mzinga uliponyamaza, Kealy na mganga wa kikosi, Tommy Tobin, wakakimbilia huko. Labalaba akafa palepale. Tobin alipigwa usoni, naye akafa baadaye. Ndege za Oman zikaruka chini ya mawingu kutoka Salalah, kikosi kingine cha SAS kikaletwa kwa helikopta, na Mirbat haikutekwa. Kealy akapewa DSO, nishani ya Waingereza kwa maofisa waliotukuka vitani.

Video zenu huishia hapo.

Februari 1979 Kealy, sasa ni meja, alikwenda kwenye milima ya Brecon Beacons huko Wales kutembea mwendo mrefu wa mchujo wa SAS, pamoja na vijana waliokuwa wakiomba kujiunga. Hakuna aliyemtaka athibitishe chochote. Mzigo mgongoni, hewa ikachafuka, baridi ikamuua. Shujaa wa Mirbat, ambaye risasi zilimkosa asubuhi nzima, aliuawa na mazoezi. Alikuwa na miaka 33.

Na msiseme hayo ni ya baridi ya Wazungu. Julai 2013, kwenye milima hiyohiyo, askari watatu wa akiba waliingia mchujo wa kilomita 26 siku ya joto kali, begi la zaidi ya kilo 20 kila mmoja. Wawili walikufa siku ileile, wa tatu akafia hospitali. Walikuwa na vifaa vya kuonyesha mtu alipo na kama amesimama, na bado msaada ulichelewa. Nyinyi mna nini? Mna mpiga picha.

Sasa nisikilizeni kuhusu begi, na hapa sina haraka.

Tofali halifai. Lina pembe, linacheza, na kila hatua linagonga uti wa mgongo. Chukueni mchanga mkavu, mfunge kwenye mifuko ya kilo mbili mbili, kila mfuko ndani ya mwingine. Faida yake ni kwamba mtu akizidiwa njiani anamwaga kilo mbili akaendelea, au anamwaga zote akarudi nyumbani. Kizito kikae juu, kati ya mabega, kimegusana na mgongo. Chini jazeni blanketi. Mzigo ukining'inia kiunoni, mtu anainama mbele na magoti ndiyo yanayolipa.

Anzeni na sehemu moja ya kumi ya uzito wenu: kijana wa kilo 65 abebe sita na nusu. Mara mbili kwa wiki, si kila siku. Ongezeni mfuko mmoja kila baada ya wiki mbili. Na mtembee! Tembeeni haraka, hatua fupi, lakini msikimbie na mzigo. Mchakamchaka ufanyeni siku nyingine, mgongo ukiwa mtupu. Misuli hukomaa kwa wiki chache, mfupa huchukua miezi, kwa hiyo kijana hujiona simba wakati mfupa wa ugoko unaanza kupata ufa. Maumivu mnayoweza kuyafunika kwa ncha ya kidole kimoja, yanayochoma mkiruka kwa mguu huo mmoja, si ya kusugua dawa ya misuli. Acheni kukimbia, mkapimwe. Ufa wa hivyo hutaka wiki sita au zaidi. Mkiulazimisha utavunjika kabisa, na usaili mtauona kwenye televisheni.

Joto je? Mtu akianza kuyumba, kujibu ovyo, kugombana bila sababu au kutapika, huyo si mayai. Ubongo wake unaungua. Mvueni begi na shati, mlazeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima bila kukoma huku mkimpepea, halafu mtafute gari la kumpeleka hospitali. Maji kwanza, gari baadaye, kwa sababu dakika za mwanzo ndizo zinazoamua. Asiyejielewa msimnyweshe, atapaliwa. Na msidanganyane kwamba dawa ni kunywa lita tano kwa mkupuo: maji mengi bila chumvi huivuruga damu, na yanaua vilevile.

Wa Njombe na wa miteremko ya Meru, kwenu ni kinyume. Mikono ikiwa mizito, ulimi ukiburura, mtu akaanza kuvua nguo akidai anasikia joto, hiyo ni baridi imeshaingia ndani. Mvisheni kikavu, mshuke naye.

Mengine nayataja tu. Kuogelea. Kusoma ramani na dira simu ikiwa imezimwa. Hesabu, kwa sababu kombora halilengwi kwa kifua. Huduma ya kwanza. Lugha ya wenyeji, maana wale wa Mirbat walikuwa wameishi na watu wa mji, wakiwatibu na kuwafunza. Kucha za miguu zikatwe sawia, soksi kavu ya akiba iwemo begini. Na hizo kombati za mtumba mzivue, ni kosa kisheria, msije mkaonja jeshi kwa njia ya lokapu.

Wazazi nanyi mpo humu. Mnauza shamba kumlipa mtu anayejiita ana mkono jeshini, kijana anakosa nafasi na shamba limekwenda. Nafasi hutangazwa hadharani na fomu haiuzwi chini ya mwembe. Nasi jamii nzima tumewaachia watoto barabara moja tu ya kupata heshima, kisha tunashangaa wakikanyagana juu yake.

Labalaba, kwa ule mzinga, alipewa kutajwa tu katika taarifa ya vita. Kwa kanuni za Waingereza za wakati huo, aliyekufa vitani hakuwa na la kupewa ila hilo au Msalaba wa Victoria, nishani yao ya juu kabisa ya ushujaa. Sanamu yake ilisimamishwa Hereford, Uingereza, mwaka 2009, na nyingine Nadi, Fiji, mwaka 2018. Mwomani Walid Khamis, aliyekuwa kwenye shimo la mzinga uleule na kupigwa risasi, ni wangapi kati yenu mmewahi kulisikia jina lake?

Kesho alfajiri, kabla hamjatoka, pitisheni kila begi kwenye mizani ya dukani. Andikeni uzito kwenye daftari, na jina la nani anamwangalia nani njiani. Anayerekodi aweke simu mfukoni, abebe dumu la maji la lita kumi.

Mzee wenu