Zile sekunde mbili

Mwanangu Neema,

Ulipopiga simu juzi kutoka Nairobi ukilia, mama yako ndiye aliyeongea. Mimi nilikuwa hapohapo pembeni na suruali ya mteja mkononi, nikashindwa hata kuomba simu. Kwenye karatasi naona nina nafuu kidogo.

Unasema kuogelea mita 100 umetumia dakika 1 na sekunde 7, na Dar mwezi uliopita ilikuwa dakika 1 na sekunde 4, kwa hiyo umerudi nyuma. Ngoja kwanza. Dar mlishindana kwenye bwawa la mita 25. La Kasarani, huko Nairobi, ni la mita 50. Kwenye lile fupi unageuka mara tatu, na kila ukibinuka ukutani unajisukuma kwa miguu, unateleza chini ya maji kwa kasi ambayo mikono peke yake haiwezi, huku mabega yanapumzika. Kasarani umegeuka mara moja tu. Ndiyo maana rekodi za mabwawa mafupi huandikwa kando na za marefu, hata kwa mabingwa wa dunia. Halafu Nairobi iko juu kama huku kwetu Mbeya, hewa ni nyepesi, na wewe mwaka mzima umekuwa ukivuta ya pwani.

Sasa lile linaloniwasha. Unakumbuka lile bwawa la hoteli, tulivyokuwa tunaingia alfajiri kabla wageni hawajaamka? Nililipima kwa futi kamba ya dukani, ya sentimita 150. Ilikwenda mara kumi na moja, zikabaki sentimita 90. Mita 17 na sentimita 40. Ili mita 100 zitimie ilibidi ugeuke mara tano, na mwisho wake hauko ukutani, uko katikati ya maji. Nikapiga mstari kwa chaki ya kukatia vitambaa kwenye vigae, nikasimama pale na simu. Julai ile maji yalikuwa ya baridi mpaka midomo yako ikawa rangi ya zambarau. Kocha wa Dar alikuwa ameshasema anayetumia zaidi ya dakika 1 na sekunde 10 asisumbuke kwenda. Ukapita kwenye chaki, ukainua kichwa, ukaniuliza, "Ngapi, baba?"

Nikasema dakika 1 na sekunde 9. Simu ilisema 11.

Ulienda Dar ukapata 13, ukalia, na mimi nikalaumu basi. Eti kukaa kutwa nzima kutoka Mbeya mpaka Dar kunakaza miguu! Kweli kunakaza, lakini mimi nilijua. Hesabu ya ukuta niliyokuandikia hapo juu nilitakiwa kukupa siku ile. Badala yake nilikuacha ujione mzembe, kisa naogopa kuonekana baba mwongo.

Watu wanapenda kusimulia habari za Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta, aliyejifunzia kwenye bwawa la hoteli kama wewe, akaliona bwawa la mita 50 kwa mara ya kwanza kule Sydney mwaka 2000. Aliogelea mita 100 peke yake kwa dakika 1 na sekunde 52, dunia ikacheka na kumpigia makofi. Hapo ndipo wanapoishia. Mimi napenda kinachofuata: alirudi mazoezini, akashuka chini ya sekunde 57. Athens 2004 hakwenda kwa sababu ya mkorogano wa viza. Hayo hayasimuliwi sana, nadhani kwa sababu hayachekeshi.

Video aliyoturushia rafiki yako nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kumkubalia mama yako. Nimehesabu mikono kama ninavyohesabu mishono. Mita 25 za kwanza, mikono 21. Za mwisho, 29. Mkono unaingia majini na kutoka kabla haujayashika, unachapa tu kama mtu anayefukuza kuku. Mwambie kocha wako, kama hajaliona. Mimi ni fundi cherehani, sijui hata kuelea, lakini kuhesabu najua.

Daftari la muda nimempa kondakta, litakufikia Jumamosi. Ukurasa wa Julai nimefuta 9, nimeandika 11 kwa kalamu nyekundu. Mengine yote ni ya kweli, nimeyapitia.

Mama yako anasalimia, ameweka na maharage ya Uyole kwenye kifurushi. Nakushonea sare mpya, lakini vipimo nilivyonavyo ni vya mwaka jana na mabega yamepanuka, nimeyaona kwenye video. Jipime unitumie. Na usinipunguzie.

Baba yako,
Mwanjelwa