Vijana waliopona saratani wapewe programu za simu zinazowafaa

Mhariri,

Kijana aliyeugua saratani utotoni akimaliza matibabu, watu humpongeza kisha kila mtu hushika lake. Lakini doksorubisini, dawa iliyosaidia kumwokoa, yaweza kudhoofisha moyo miaka mingi baadaye, na steroidi, dawa nyingine za matibabu hayo, huweza kupunguza nguvu ya mifupa. Kwake yeye mazoezi, mlo bora na kuepuka sigara ni mambo ya lazima kabisa.

Naunga mkono programu za simu zinazomkumbusha hayo, maana simu anayo mkononi kutwa. Ila nyingi zimetengenezwa kwa watu wenye afya timamu. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 17. Kijana ambaye vinkristini, dawa nyingine ya saratani, imemwachia ganzi miguuni hawezi kuanzia hapo, na kila jioni simu inamwandikia: "Hujafikia lengo." Ataifuta programu hiyo, na nani atamlaumu?

Watengenezaji wakae kwanza na vijana hawa na madaktari wao. Lengo la kuanzia liwe hata dakika 10 za kutembea, liongezwe taratibu. Na taarifa za ugonjwa wake zisiuzwe kwa wafanyabiashara wa matangazo.

Mzazi, msomaji wako